Nafasi

Dungusi la kwanza alilileta Ndahani,
kipande kimoja ndani ya mfuko wa saruji,
apate ua lisilohitaji fundi.
Mvumi nzima tulilisifu: halidai maji,
mbuzi hawaligusi.

Leo limeshuka hadi korongoni,
nasi tunalitukana kana kwamba lilivunja mlango.

Mlango upi?
Migunga tuliiuza gunia kwa gunia,
mkaa, kwa malori ya usiku.
Nyasi tuliziachia midomo ya mbuzi
hata mchwa wakakosa cha kubeba.
Udongo ukalala wazi, kitanda kisicho na shuka.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe tulilishika sisi. Tukakatakata,
na kila kipande kilichoanguka
kikatoa mizizi, kikashukuru.

Ng'ambo ya korongo ni kwa Sechelela.
Kichaka chake hajawahi kukifyeka.
Uvivu, tulisema.
Mna mkole mle, mna mpelemehe,
mna majani nisiyoyajua majina,
yamebanana kama watu kwenye foleni ya bomba,
kila mmoja na ndoo yake, hakuna wa kumruka mwenzake.
Mbegu za dungusi hufika huko pia,
ndege hawachagui pa kudondoshea.
Nimechungulia: zimeota mbili tatu,
nyembamba, rangi ya homa,
zinatafuta jua na mwanya haupo.

Jana nilikwenda kumwomba miche ya mkole.
Hakunijibu ndiyo wala hapana.
Aliniuliza tu:
"Na mbuzi wako utawafunga wapi?"