Barua ya Kuitwa

Barua ilikuja na nembo, kama ile ya kuitwa shuleni
mwanao anapovunja dirisha.
Lete pikapu. Hakuna gharama.
Tumegundua injini yake inasema uongo.

Uongo! Miaka sita nimelala na madeni yake,
naijua kwa mlio, naijua inavyokohoa mwezi wa saba
baridi ikishuka toka mlimani,
na sikujua kwamba ikipimwa huzuia pumzi
kama mtoto mbele ya daktari,
ikitoka nje ya geti hupumua itakavyo.
Ndiyo, ilitoa moshi.
Lakini mji wenyewe unaitwaje?

Nikaipeleka Arusha, karakana ya sakafu inayong'aa.
Injinia Ruwaichi, binti wa kucha fupi,
akachomeka waya chini ya usukani
akakaa akiitazama kompyuta kama anayengoja wali ukauke.
Hakushika spana. Hakuchafuka.
Akanipa ufunguo: "Sasa inasema kweli, mama."

Kweli ina uzito. Niliujua Kiboriloni.
Mifuko ishirini na tano ya saruji,
na Ombeni juu ya mzigo, miguu ikining'inia.
Ile kona ya kwanza ya kupandia Kidia
niliyokuwa naikata kwa gia ya tatu huku namenya chungwa,
nikakanyaga mafuta, nikangoja.
Nikangoja.
Ni kama kumwita mtu aliye chumba cha ndani,
anaitika "naam," kisha anaanza kutafuta kandambili.
Ya tatu ikagoma. Ya pili ikaomba radhi.
Ya kwanza ndiyo iliyonipandisha,
na mwanamke mwenye mkungu kichwani
akanipita, akaniuliza habari za nyumbani,
nami nikapata muda wa kumweleza zote.

Na dizeli inakunywa zaidi. Na kila wiki
taa ya njano inawaka, inataka kuunguza masizi yake tumboni,
robo saa, usiizime,
kama ng'ombe anayecheua, usimfukuze.

Fundi Kiangi wa Pasua alicheka hadi akakalia tairi.
"Mama Ndeshi, wamekuhasia dume lako!"
Akataja bei: laki tatu na nusu.
Atalikata chujio, ataziba vali,
atairudishia kompyuta uongo wake wa zamani,
"na jioni unapanda Kidia kwa ya tatu, na chungwa lako mkononi."
Nikahesabu. Nusu sasa, nusu ndizi zikiuzwa.
Nikamwambia Jumatatu.

Jumamosi tulishusha saruji kwenye msingi wa nyumba ya mtu.
Ombeni akaruka chini, akasimama penye kioo cha pembeni
kama afanyavyo siku zote, kitambaa mkononi,
azibe pua moja, kisha nyingine.
Akapenga. Akakitazama kitambaa.
Akakigeuza upande wa pili.
Akanitazama mimi, kama mtu aliyepunjwa kitu
asichokijua jina.

"Bosi, hii gari siku hizi haina nguvu."
"Haina."
Akakikunja kitambaa, kikiwa cheupe vilevile, akakitia mfukoni.

Miaka minne amekaa upande ule wa kulia
kwa sababu asubuhi una kivuli.
Bomba liko upande huohuo.
Sikuwahi kumuuliza alikuwa anapenga nini.

Jumatatu sikwenda Pasua. Sijasema sitakwenda.
Kiangi hupiga simu, napokea, tunacheka,
ada ya shule inakaribia na mteja wa Kidia ananuna.
Ila sasa naamka saa kumi, si kumi na nusu,
na tukifika kona ya kwanza Ombeni anashuka,
anapanda kwa miguu, mikono mfukoni.
Hufika kabla yangu.
Hukaa juu ya jiwe akipiga mluzi
mpaka injini, na ukweli wake wote, imfikie.