Leso za Ofisi

Taibali wa Barabara ya Biashara ashanizoea.
"Doti sita tena, Bi Nyamvula? Unamuoza nani mwezi huu?"
Simuozi mtu. Nageuza mikunjo, nasoma jina moja moja
kama anayemtafuta nduguye kwenye orodha ya wodi.

*Mstahimilivu hula mbivu.* Hapana.
*Mficha uchi hazai.* Irudishe juu, juu kabisa.
*Wema hauozi.* Labda, lakini si usiku ule.
*Nyamaza wasikuone.* Na hii, Taibali,
nani alikaa kitako akaitunga?
Anacheka. Leso isiyo na jina, asema, ni shuka.

Sijamwambia zinakokwenda.
Kwamba ofisi yangu iko chuoni, Tudor, nyuma ya stoo ya mitihani,
feni inalia, viti viwili vimeelekezwa dirishani,
maana mtu aliyeumizwa hapendi kutazamwa usoni
akitafuta neno.
Kwamba hospitalini nguo huchukuliwa,
hutiwa kwenye mfuko wa kaki, si wa plastiki,
mfuko hufungwa, hutiwa saini, huondoka na askari,
na msichana hubaki na gauni la wodi lililo wazi mgongoni,
saa kumi alfajiri,
akiulizwa atarudi bweni amevaa nini.

Atarudi na leso.

Afisa wa fedha naye ana yake:
"Leso, kwenye fungu la vifaa vya ofisi?"
Nikamjibu kwa barua ya mstari mmoja:
karatasi pia ni kifaa, lakini haifungiki kiunoni.
Alilipa. Alichelewa miezi miwili, lakini alilipa.

Wakesho, mwaka wa tatu, takwimu,
hakutoa neno toka Makadara hadi geti la chuo.
Alipitisha kidole juu ya maandishi,
YANGU NASEMA MWENYEWE,
ndiyo niliyoichagua, samawati, korosho nyekundu,
akauliza, "Na nisiposema?"
Nikamwambia, basi bado ni yako.

Chiribae wa uhandisi alikatwa panga la bega
kwa sababu ya kompyuta ambayo hajamaliza kuilipia.
Shati lilikwenda na mfuko wa kaki.
Nilipomtanda leso akajiona kwenye kioo cha mlango:
"Sasa mimi bi harusi au kungwi?"
Tukacheka mpaka nyuzi zikamuuma
na nesi akatufukuza.

Leso huuzwa mbili, hazijatengana.
Mimi huzitenga kwa makasi ya ofisi.
Moja huenda na mtu. Ya pili hukaa droo ya chini
na kikaratasi chenye tarehe tu; jina liko juu ya leso.
Siku ya mahakama ndipo ninapojifunga ile ya pili,
naketi mbele, sisemi. Mle kusema si kazi yangu,
na wakili wa mshtakiwa husema ya kututosha sote.
Lakini aliyesimama kizimbani kutoa ushahidi
akiinua macho
ataona leso yake imeketi.

Kesi ya Wakesho imeahirishwa mara nne.
Kwanza faili halikuonekana. Kisha hakimu alikuwa mafunzoni.
Mara ya tatu sikumbuki. Ya nne, mvua.
Kila mara tulikunja leso zetu
tukala viazi vya karai nje ya ua, kwa ukwaju mwingi,
tukizungumza habari za viazi.

Jana nimemkuta maktaba.
Ameitandika mezani, anafanyia hesabu juu yake,
kikombe cha chai kimeacha duara pale penye NASEMA.
Nilitaka kumwambia doa la chai halitoki.
Nikapita.

Droo ya chini ina nusu kumi na moja.
Leo asubuhi Taibali amenipigia: mzigo mpya umeshuka,
majina mazuri, Bi Nyamvula, mazuri mno, nikuwekee ngapi?

Nisomee kwanza, nimemwambia.
Moja moja. Polepole.