Tangazo la Pili

Tangazo la kwanza niliandika mie,
saa sita na nusu usiku, chumba cha seva,
baridi ya mashine, koti nimevaa:
"Watumiaji wote wanajulishwa
kwamba mfumo utahamishwa,
na utambulisho uthibitishwe
kabla ya ukomo wa muda uliopangwa."
Nikalisoma mara mbili. Nikajiona msomi.
Nikalituma ndani ya mfumo mpya,
ambao kuingia kwake kwataka nywila mpya,
ambayo kupatikana kwake
kumeelezwa ndani ya tangazo.

Nikaenda zangu Machomane, nikalala.

Asubuhi foleni imetoka dirisha la usajili,
imekata uwanja, imezunguka tangi la maji,
imeishia kwa muuza mihogo.
Bi Mize wa dirishani hakunitukana.
Bora angenitukana.
Alisimama, akanipa kiti chake:
"Kaa wewe. Wajibu."

Wa kwanza Raya Ngwali, mwaka wa tatu,
katoka Micheweni na giza.
"Matokeo yangu yamefutwa?"
Hayajafutwa, yamehama.
"Yamehamia wapi?"
Nikasema: kwenye wingu.
Akatazama juu.
Foleni nzima ikatazama juu.
Nami, Mungu anisamehe, nikatazama.

Mwalimu Khatib wa Historia:
"Sikuona tangazo."
Lipo, Mwalimu.
"Liko wapi?"
Ndani.
"Ndani ya wapi?"
Nikanyamaza. Ndani ya nyumba
ambayo ufunguo wake nimeufungia humohumo.

Na Ussi wa getini, kofia mkononi:
"Hiyo nywila ndiyo nini? Jamaa ya nywele?"
Watu wakacheka. Nikacheka.
Mpaka nilipomwona
yeye hakucheka.

Adhuhuri Bi Mize akashusha pazia,
akamimina chai, akachukua karatasi yangu
na kalamu nyekundu.
"Watumiaji ni nani?"
Wanafunzi, walimu, Ussi.
"Basi si uwaite?
Ukomo wa muda ndiyo lini?"
Ijumaa.
"Kabla ya sala au baada?"
Sikujua.
"Ala! Hata mwenyewe hujui."

Wingu nalijua tangu utotoni.
Kwetu Mzambarauni karafuu zikiwa majamvini,
mbingu ikaanza kuiva weusi,
hakuna aliyeandika "wakazi wanajulishwa".
Mama alipiga ukelele: Mvua! Anueni!
Ukapokewa nyumba ya pili, ya tatu,
ukamfika hata Bi Zuwena
tusiyesemezana naye tangu ugomvi wa mpaka;
yeye hasa mama alimwitia kwa jina.
Neno moja la hatari, neno moja la kufanya,
na kila mtu alijua jamvi lake liko wapi.
Nimesoma miaka minne Dar es Salaam
nikalisahau hilo.

Tangazo la pili tuliandika wawili:

"Raya, Mwalimu Khatib, Ussi, na nyote,
matokeo yenu hayajapotea.
Ijumaa baada ya sala tunafunga mlango wa zamani.
Njoo na kitambulisho, upewe neno lako jipya la siri.
Usipowahi Ijumaa, njoo Jumamosi, hufukuzwi.
Ukikwama niulize mie, Faki, chumba cha chini, karibu na tangi.
Uliza hata la kijinga. La kijinga nimeshalifanya mie."

Tukalibandika penye viatu msikitini,
mlango wa dakhalia ya wanawake,
na kwa muuza mihogo, ambaye alilisoma kwa sauti
kwa kila mteja, bila kuombwa,
kabla hajatia pilipili.

Ijumaa walikuja wengi. Si wote.
Mwalimu Khatib alikuja na daftari lake la kaki,
akasema ataliweka vilevile, huenda wingu likanyesha.
Sikumbishia.

Ussi akaingia kwa jaribio la tatu.
Akaliona jina lake kwenye kioo, akaligusa kwa kidole.
Furaha ikamzidi: akatoka mpaka getini
akaitangaza nywila yake, herufi baada ya herufi,
kwa sauti ya kuanua karafuu.

Bi Mize akanitazama.
Nikachukua karatasi nyengine.