Matundu Yote Mawili

Kibosho, mkesha, saa kumi na mbili na robo,
taa za mama zimegoma.
Mti ni tawi la msonobari ndani ya ndoo ya rangi,
limekazwa kwa mawe ya mtoni,
na kutoka dirisha la jikoni hadi kwenye ndoo
waya unapita juu ya kamba ya nguo,
unazunguka mgomba mmoja, na wa pili,
kisha unashuka kama mtu aliyechoka.

Waya huu haukununuliwa popote.
Mama aliutengeneza mwenyewe, mwaka ule aliobaki nasi peke yake:
hatua tatu ni waya wa pasi iliyoungua,
hatua tano ni wa redio ya marehemu baba,
kipande cheupe sijui.
"Hicho nilipewa," anasema, na hasemi na nani.

Nimesomea ufundi miaka miwili, VETA, pale mjini.
Waya kama huu mwalimu wetu aliutundika ukutani,
chini yake akaandika: MAREHEMU MTARAJIWA.
Hilo simwambii mama.

Naanza kwenye chanzo. LUKU ina uniti kumi na moja.
Plagi naichomoa, naifungua: skrubu zimekaza, fyuzi nzima.
Naichomeka tena, naenda mwisho wa safari,
kwenye soketi pacha aliyoipigilia juu ya ubao.
Upande mmoja umeshika taa, wa pili uko wazi;
tundu la juu ni la urembo tu, halina waya.
Natia tesita tundu la kulia: inawaka.
La kushoto: inawaka pia.
Matundu yote mawili yana moto,
na mti umekaa gizani.

"Sasa si umeme upo?"
Mama amesimama mlangoni, viganja vyeusi kwa utomvu wa ndizi.
Upo, mama. Kuja umekuja.
Umekosa njia ya kurudi.

Hajibu. Ndani simu inaita,
Aminiel, yuko Tunduma, anasema mwakani.
Mwaka jana pia alisema mwakani.
"Haya baba," namsikia mama, "ule vizuri."

Plagi naichomoa, nampa Anasia aishike,
asiiachie hata akiitwa kula.
Halafu napapasa waya kwa vidole, kidogo kidogo.
Kiungio cha kwanza: plasta ya zahanati. Kizima.
Cha pili: mpira wa baiskeli. Kizima, nashangaa.
Cha tatu nakishusha kutoka kwenye kamba ya nguo,
kimevikwa mfuko wa sukari, kimefungwa uzi mwekundu.
Nafungua. Mvua ya wiki nzima inadondoka.

Ndani, shaba mbili, na hakuziunga sehemu moja:
hii mbele, ile nyuma, zisije zikagusana.
Kila moja ameisuka mikono mitatu,
msuko ule ule wa nywele zangu za darasa la pili.
Moja bado inang'aa. Ya pili imeliwa na ukijani;
naigusa, inavunjika kama jani la chai.

Nani alikufundisha kupishanisha viungio?
"Nilipigwa shoti mara moja," anasema. "Inatosha."

Nakata palipooza, nakwangua kwa wembe, nasuka upya,
mikono mitatu, sijui kwa nini;
chuoni tulifundishwa vingine.
Tepu nyeusi, mizunguko saba.
Mama, waya huu tuuzike, kesho nikuletee mwingine.
"Kesho ni Krismasi. Maduka yamefungwa."

Anasia anachomeka.
Nyekundu, kijani, njano, zinateremka mpaka kwenye ndoo,
kasoro moja, ya kumi na nne kutoka juu.
Nanyoosha mkono niibane.

"Hiyo iache," anasema mama, amekwisha geuka,
"hiyo haijawahi."
Na anarudi jikoni kwenye ndizi zake.