Kiongezi

Lenzi yangu ya hamsini inajua harusi.
Inajua piko ikikauka kiganjani,
hina ikipanda hadi kiwiko,
bibi harusi akimeza mate kabla ya kufunuliwa.
Vyumba vya Kibokoni ni vyembamba: mgongo ukutani,
bega kwa bega na kungwi, picha imetosha.

Kisha katibu wa wasichana wa Chaani akanipigia:
Dada Rukiya, fainali iko Tononoka. Nataka bao.
Bao lenyewe, mpira ukitikisa wavu.
Nikasema sawa, kabla ya kuupima uwanja.

Ijumaa nikaupima, kwa miguu, nikihesabu.
Kutoka kibendera cha kona hadi goli la pili
hatua mia na ishirini na tatu, na mbuzi wawili.
Kwa hamsini yangu, kipa wa kule
ni punje ya mchele iliyovaa glavu.

Hirji hana haraka. Duka lake, ghorofani,
Barabara ya Digo, linanuka kafuri na karatasi.
Akaniwekea mezani sabini-kwa-mia-mbili,
hodari, isiyo na makuu.
Akaniwekea mia tatu, tundu mbili nukta nane,
nzito kama mtoto wa miezi saba,
rangi imebabuka pale waliposhika wengine.
Halafu kidude kifupi, cheusi, kama kifuniko cha chupa ya chai.
Kiongezi. Mara mbili.
Kitie katikati, mia tatu itakuwa mia sita.

Kwa bei gani?
Mia nane kwa siku.
Siulizi shilingi, Hirji.

Akacheka. Mwanga, basi.
Hiki hukukopesha umbali, hulipwa kwa mwanga:
robo tu ndiyo inayobaki.
Na jicho la kamera huwa zito,
hupapasa kama mtu aliyeamshwa usiku.
Kipo kidogo, cha moja nukta nne. Chenyewe hula nusu.

Mimi, niliyelelewa kwa mitumba ya Kongowea,
nikaona mara mbili ni mara mbili.

Mechi ya saa tisa ikaanza saa kumi na robo,
refa alikuwa akisubiri firimbi.
Kipindi cha kwanza, jua lingali juu ya paa za Majengo,
ile mia sita ilikuwa uchawi:
jasho juu ya mdomo wa Mbodze,
uzi uliochomoka kwenye namba yake,
meno ya Kadzo akikaba.
Toka ng'ambo ya uwanja nilimwona mtu akinuia.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, mdai akabisha.
Nikapunguza kasi ya shata; miguu ikawa moshi.
Nikaipandisha tena; picha ikaota mchanga.
Kamera ikamtafuta Mbodze, ikapata mlingoti,
ikapata mama wa mabuyu nyuma ya mlingoti,
ikarudi, ikapotea.

Nikakichomoa.
Kifuniko mdomoni, kiongezi kiganjani,
kamera wazi kama dirisha,
vumbi la Tononoka likiingia bila hodi,
ndipo uwanja ulipolipuka.

Sikuliona bao. Nililisikia kwa watu.

Chaani walikuwa rundo moja, kule mbali.
Huku kwangu, Nyevu, kipa wao,
hakuwa na wa kumkumbatia.
Akatazama kushoto. Akatazama kulia.
Akaukumbatia mlingoti, shavu kwenye rangi iliyobambuka,
akaubusu, akaupiga makofi mgongoni
kama mlingoti una mgongo.

Hamsini ilikuwa shingoni. Hatua sita.

Katibu akaniuliza, bao liko wapi?
Halipo.
Akaitazama ile picha mpaka simu yake ikazima.
Akalipa theluthi mbili. Bao ni bao, alisema,
na hiyo ya Nyevu nitumie pia.

Jumatatu Hirji akapuliza vumbi, hakuuliza.
Nikamwambia, wiki ijayo nipe mia tatu
na kile kidogo. Saa kumi na moja kamili
nitakuwa nimeshakitoa.
Akaandika daftarini: Rukiya, nusu.