Nyumba ya Vyumba Sita

Singano alikiita kibao,
kama kile cha chuoni tulichokiosha kwa maji ya kisima
na aya ya jana ikabaki chini ya aya ya leo, rangi ya moshi.
Alikinunua mtumba, Tangamano,
kona imepasuka, kitufe cha kuwashia kinataka kubembelezwa.
Rangi hakina. Sauti hakina. Hata taa hakina.
"Kwa hiyo hakina makuu," akasema,
"na LUKU hakinywi. Bi Zaituni hana la kutugombeza."

Ndani yake katuni, mia mbili na ushee.

Mimi fundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.
Kusoma kwangu kulikuwa risiti
na namba zilizochongwa ubavuni mwa tairi.
Usiku mmoja akanigongea: njoo uione nyumba yetu.

Ukurasa ulikuwa na vyumba sita,
vitatu huku, vitatu kule, katikati ujia mweupe
kama ukumbi wetu kabla Hoza hajaupanga ndoo zake.
Kioo kidogo, maneno madogo kama chawa,
basi unagusa mara mbili, unaingia chumba kimoja,
unatoka, unabisha cha pili.
Hivyo nilijifunza, kwa hodi.
Chumba cha kwanza mwanamke ameshika ungo wa mchele.
Cha pili ungo ni mtupu.
Nikauliza, mchele umekwenda wapi?
Singano akaweka kidole kwenye ujia.
"Hapa. Hapa mchoraji hakuchora kitu.
Hapa kibarua ni chako."

Joho la yule jambazi mwema tuligombania miezi miwili,
tumekaa kwenye ndoo za Hoza chini ya balbu ya ukumbini.
Mimi: jekundu, kama kutu ya rimu.
Yeye: kijani, mkonge mchanga baada ya mvua.
Kibao kilisema kijivu, kikanyamaza.

Kisha masika, alfajiri,
mlango wa chumba cha tano u wazi.
Kitanda. Msumari. Kalenda ya mwaka juzi.
Kodi ya miezi mitatu.
Bi Zaituni aliapa mpaka kanga ikamvuka begani.
Mwantumu akasema, kuna mwanamke Korogwe.
Hoza akasema madeni, tena makubwa.
Wengine walimwona Horohoro, wengine hawakumwona popote
lakini walisema.
Mimi nilisimama ukumbini peku,
nikatazama saruji kati ya mlango wangu na wake.
Hapakuwa na mchoro.

Kibao nilikikuta siku ya pili
kwenye boksi langu la viraka, chini ya gundi na msasa,
kimefungwa kwa kipande cha mpira wa ndani.

Kilikumbuka alipoishia: asilimia sitini na tatu.
Jambazi ameinua mguu, ukuta uko mbele yake.
Wiki nzima sikupita hapo. Nilirudi nyuma tu,
kwenye ungo, kwenye mchele,
kurasa tulizokwisha kuzigombania.
Kumpita mtu aliyesimama ni rahisi ukiwa barabarani;
unapiga kengele, basi.

Siku ya Ijumaa nilibonyeza.
Kioo kikafumba, cheusi chote, kikafumbua.
Jambazi yuko upande wa pili wa ukuta, anapangusa magoti.
Na chini yake, ukitega kioo kwenye balbu,
yule wa ukurasa uliopita bado ameinua mguu,
hafifu, kama maandishi ya chuoni
yaliyokataa maji.
Pembeni, alama ya dole gumba langu, ya grisi.
Hiyo haikufutika hata kwa mafuta ya taa.

Chumba cha tano sasa ana nesi wa Bombo, Mwanamvua,
halali vizuri akitoka zamu ya usiku.
Jana alivuta ndoo, akaketi, akachungulia.
"Mbona kijivu kitupu? Hili joho ni rangi gani?"

Nikasema kijani.