Hesabu Kucha Kwanza

Mama, usimtaje mtoto wa Nabintu
kabla hatujahesabu kucha.

Vifaranga mia sita tulivimwaga bwawani, hapa Bagira,
siku ile ya ukungu, wewe umefunga kitenge kifuani,
mimi nimeshika ndoo inayovuja.
Leo wavu umerudi na majani, na tope,
na samaki wanane wembamba kama sindano za kushonea magunia.
Majirani wameshamaliza kesi: Mugisho.
Huonekana jioni, amechuchumaa ukingoni, ana kopo la maziwa.
Lisemwalo lipo, wanasema.
Sawa. Lina miguu mingapi?

Nipe sahani nyeupe, ile yenye ufa.
Nipe chujio la chai. Nitalichemsha, usinitazame hivyo.
Umeme umekatika tangu adhuhuri,
kwa hiyo tochi ya simu,
na kioo cha kukuzia nilichoazima kwa mwalimu Cibalonza
nikaapa kwa kaburi la babu kwamba hakitapata mkwaruzo.

Huyu hapa.
Urefu wa kidole chako cha mwisho, rangi ya chai iliyolala,
mnene katikati, amechongoka kuelekea mkiani.
Usiseme funza. Usiseme kiluwiluwi;
kiluwiluwi hana shingo, wala hana nia.
Tazama ubavuni: kuna nyuzinyuzi za kupumulia, kama unyoya?
Hakuna. Basi si mtoto wa wale wanaozunguka juu ya maji
kama watu waliodondosha pesa.
Tazama mkiani: vijani vitatu?
Hapana, vijiti viwili vyenye malaika.
Basi si wa kereng'ende mwembamba.

Sasa kichwa. Bapa.
Macho sita upande huu, sita upande ule,
vidoa vyeusi kama mbegu za lengalenga.
Na mataya, mama: miundu miwili inayotazamana,
haina jino hata moja kwa ndani.
Ana binamu mwenye taya la msumeno, yule hutafuna.
Huyu hatafuni. Ndani ya mundu umepita mfereji
mwembamba kuliko unywele.
Anachoma, anatia mate yake makali,
nyama inageuka uji, anafyonza.
Unakumbuka zile ngozi tupu zilizokuwa zikielea,
ukasema ni ugonjwa wa maji?

Bado. Mwalimu alinifundisha nisiamini taya peke yake.
Mguu. Shika tochi. Usipumue.
Ukucha ukiwa mmoja, ni yule binamu.
Nahesabu.
Mbili.
Nahesabu mguu mwingine, kwa ajili ya Mugisho.
Mbili.

Buu wa mbawakawa mzamiaji.
Ulikaa kimya, ukaanza kuchambua maharage
yaliyokuwa yameshachambuliwa.

Asubuhi nilishuka kwa kina Nabintu bila kukuaga.
Mugisho akalivuta kopo kutoka chini ya kitanda.
Juzi walikuwa saba, akasema, leo watatu;
ukiwaweka pamoja wanalana.
Huwavizia na kijiko
wanapopanda kuning'inia kichwa chini,
ncha ya mkia nje, wakivuta hewa.
Anawaita mikasi.
Hajui majina mengine, na hakuniuliza.
Nikamwambia: kwa nini hukusema?
Akaniangalia kama ninavyomwangalia buu.
Ningemwambia nani?

Nilikusimulia yote. Hukujibu.
Jioni uliiosha ile sahani yenye ufa,
kwa majivu, mara tatu,
ukapakua sombe na viazi, ukafunika,
ukasimama mlangoni nayo
kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.
Kule chini kwao taa ilikuwa haijawashwa.
Njia ina utelezi tangu mvua ya juzi.
Nikakupa tochi.